Mzigo wa Goti

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo mwanafunzi wa semantiki angeweza kuyaandikia tasnifu nzima bila kuyamaliza, neno uzito li mstari wa mbele. Kuna uzito wa gunia la mahindi, upimwao kwa mizani. Kuna uzito wa hoja, upimwao kwa akili. Mja mzito ni mwanamke mwenye mimba. Mzito wa kusikia ni yule ambaye masikio yake yamechoka. Na anayeona uzito kutenda jambo huenda akawa mwembamba kama ufito, ila moyo wake unasita. Nilipokuwa chuoni niliyachukulia hayo kuwa mambo ya mtihani. Hayakunigusa mpaka Juni 2019, nilipoketi baina ya daktari wa mifupa na nyanya yangu mzaa mama, nikatakiwa nilibebe neno hilo kutoka Kiswahili hadi Kiturkana, huku suala la kufanyiwa au kutofanyiwa upasuaji wa goti likiningoja mdomoni.

Mimi si tabibu, na sitajifanya tabibu katika makala haya. Hata hivyo, tangu siku ile nimesoma kila nililoweza kulipata kuhusu uzito wa mwili na namna unavyohusiana na kupona kwa mtu aliyewekewa goti la bandia. Nililoligundua ni kwamba jambo hili, ambalo hospitalini husemwa kwa sentensi moja fupi, lina pande ambazo sentensi hiyo haizigusi. Naamini wenzangu wa Kiswahili, ambao aghalabu huitwa na jamaa zao kuwa wakalimani wasiolipwa, watanufaika nalo.

Kwanza nimweleze msomaji nyanya ni nani, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Anaishi Kalokol, mji mdogo ulioko upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, takriban kilomita 60 kutoka Lodwar. Hajui tarehe aliyozaliwa, lakini anajua alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi wakati wa Namotor. Waturkana huipa miaka ya ukame majina kama tunavyowapa watoto majina, na Namotor ndilo jina la ukame wa 1960 na 1961. Maana yake ni kuonekana kwa mifupa. Atakayeuliza ni mifupa ya nani, ya mifugo au ya watu, nyanya hujibu kwamba haikuwa na tofauti.

Waliopoteza mifugo yao walikusanywa karibu na ziwa kulikokuwa na chakula cha msaada, na wengi wakatiwa moyo wavue samaki. Baba yake nyanya, chambilecho mwenyewe, alikufa akiwaona samaki kuwa chakula cha mtu aliyeshindwa. Kwa mfugaji wa siku zile, mla samaki alikuwa maskini asiye na ng'ombe. Binti yake hakuwa na anasa ya kuchagua. Alijifunza kupasua samaki, kuwaanika juani na kuwauza. Alikiona kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1980, akakiona pia kikifungwa kabla hakijafanya kazi ya maana, kwa kuwa umeme na maji safi vilikuwa ghali kuliko samaki wenyewe. Kisha akaiona Ghuba ya Ferguson ikikauka. Yeye akaendelea na biashara yake ya samaki wakavu, akalea watoto sita, na polepole akanenepa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kwa mtu aliyepitia Namotor, unene haukuwa ugonjwa. Mwili wake ulikuwa cheti: mtu yeyote aliyemtazama sokoni alijua kwamba huyu ameshinda. Isitoshe, katika nchi ile mizani ina kazi moja tu, nayo ni kupima njaa. Watoto huning'inizwa kwenye mizani kiliniki ili ijulikane nani aongezewe chakula. Mikono yao huzungushiwa utepe wenye rangi tatu, na rangi nyekundu humaanisha kuwa mtoto yu hatarini. Ukienda Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi imekuwapo tangu 1992, utaona utepe uo huo na mizani iyo hiyo. Sijapata kumsikia mtu wa Kalokol akisimulia kwamba alipanda mizani akaambiwa amezidi. Nyanya alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu.

Goti lake la kulia lilianza kuuma yapata 2012. Goti ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Mfupa wa paja hukutana hapo na mfupa wa muundi, na mbele yao hukaa kile kifupa cha mviringo ambacho kamusi zetu hukiita kilegesambwa. (Neno zuri ajabu, na sijawahi kulisikia likitamkwa katika hospitali yoyote, nyanya nilipomtajia alicheka, akasema labda ndilo jina la ugonjwa wenyewe.) Miisho ya mifupa hiyo imevikwa gegedu, kitu laini chenye utelezi kinachoizuia isisuguane. Gegedu likichakaa halioti tena upya. Mfupa husaga mfupa, goti huvimba, hupinda, na mwenye goti hujikokota. Miaka ya kuchuchumaa akipasua samaki haikumsaidia nyanya, wala umri, wala uzito. Kufikia 2018 hakuweza kufika ufuoni kwa miguu. Wajukuu walimbeba kwa pikipiki, naye aliichukia pikipiki kama dhambi.

Tunaposema kubadilisha goti huwa tunatia chumvi kidogo. Goti halitolewi lote. Mpasuaji hukwangua milimita chache za miisho ya mifupa iliyoharibika, akaivika vifuniko vya metali, na kati yake akaweka kipande cha plastiki ngumu kinachofanya kazi ya gegedu. Goti la bandia la aina inayokaribiana na ya leo lilianza kutumika New York mwaka 1974, kazi ya John Insall na wenzake. Leo huu ni upasuaji wa kawaida duniani, na hapa Kenya hufanywa katika hospitali kadhaa, ingawa hakuna hata moja iliyo karibu na Kalokol. Kutoka kwetu hadi Eldoret ni takriban kilomita 400, kupitia Lodwar, Lokichar na Kainuk, ambako kwa miaka mingi msafiri hakuuliza gari litasimama wapi bali aliomba lisisimame kabisa.

Basi tukafika. Muuguzi alimwita nyanya shosho, neno ambalo hakuwahi kuitwa, akaniuliza kwa Kiturkana kama ni tusi. Akapandishwa kwenye mizani: kilo 103. Akapimwa kimo: mita 1.58. Ukigawa kilo kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo chenyewe unapata 41.3. Kipimo hiki kina asili yake katika kazi ya Mbelgiji Adolphe Quetelet ya miaka ya 1830, mtu wa takwimu ambaye hakuwa daktari na wala hakukusudia kipimo chake kimhukumu mgonjwa mmoja mmoja. Hospitali ile ilikuwa na kikomo cha 40. Kwa kimo cha nyanya, 40 ni kilo 100 kasoro kidogo sana.

"Shosho apunguze mwili kwanza," daktari akasema, "halafu tutamwona."

Nyanya anakijua Kiswahili cha sokoni, kwa hivyo hakunisubiri nimtafsirie. Alijitazama kuanzia kifuani hadi miguuni, akamwuliza daktari kwa utulivu: "Nipunguze upande gani?"

Daktari alicheka. Nyanya hakucheka, na mimi pia sikuweza. Katika Kiswahili cha Kenya, mwili ni unene kwa lugha ya heshima: mtu ana mwili, mtu amejaza mwili. Ni tasfida, na tumefunzwa kwamba tasfida hulainisha. Lakini ukimwambia mtu aliyewahi kuhesabiwa mbavu zake kwamba apunguze mwili, tasfida hiyo hugeuka kisu. Alichokisikia nyanya ni kwamba atakatwa goti kwa sharti kwamba kwanza ajikate sehemu nyingine. Neno kukonda lisingekuwa bora. Katika Afrika Mashariki nzima neno hilo lilibeba jina la ugonjwa kwa muda wa kizazi kizima, na hadi leo mama wa makamo akimwambia jirani yake "umekonda" huwa hamsifu.

Nilimwomba daktari anipe dakika tano. Katika Kiturkana, niliacha kabisa neno mwili, nikatumia neno mzigo. Nyanya amepakia punda tangu utotoni. Anajua punda aliyepakiwa kupita kiasi hasemi. Siku moja hulala chini tu. Nikamwambia goti lake ni punda, na kwamba punda wa zamani amekufa, wanataka kumletea mpya kutoka mbali, ila wanahofia atapakiwa siku ya kwanza kabla hajazoea njia. Akauliza mzigo wenyewe ni kiasi gani. Hapo ndipo nilipoutumia utafiti mmoja ambao daktari alinitajia, uliofanyiwa wazee 142 wenye maradhi ya goti na uzito mkubwa katika jimbo la North Carolina, Marekani, na kuchapishwa 2005. Watafiti waligundua kwamba kwa kila kilo moja mtu anayoipunguza mwilini, goti lake hupunguziwa takriban kilo nne katika kila hatua. Kilo tano zikiondoka, goti hupumzishwa kilo ishirini kila mguu unapokanyaga, yaani jerikani moja ya maji ya lita 20.

"Jerikani moja kwa kila hatua," akarudia. Hilo alilielewa. Wahenga wa Waswahili walisema punda afe mzigo wa bwana ufike. Nyanya ni mfugaji, na mfugaji hawezi kuukubali upuuzi huo.

Mzigo, hata hivyo, haumalizi habari. Hofu kubwa ya wapasuaji si kwamba metali itavunjika. Ni kidonda. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hupata damu kidogo, hivyo kidonda kilichopita katika tabaka nene hupona polepole na huweza kufumuka. Upasuaji wenyewe huchukua muda mrefu zaidi, na watu wenye uzito mkubwa aghalabu huwa pia na kisukari au shinikizo la damu. Vijidudu vikiingia hadi kwenye metali, mara nyingi dawa peke yake hazitoshi. Goti hufunguliwa tena, na pengine vifaa huondolewa vyote. Kwa wagonjwa wa kawaida balaa hilo huwapata takriban mmoja au wawili kati ya mia. Kwa waliovuka 40 hatari huongezeka, na kadiri uzito unavyopanda ndivyo inavyopanda. Daktari wetu hakuwa na chuki na wanene. Alikuwa na hofu ya haki.

Ila kuna upande wa pili, ambao hatukuelezwa siku ile. Wagonjwa wazito huanza wakiwa na maumivu mengi zaidi na uwezo mdogo zaidi wa kutembea. Baada ya upasuaji, nafuu wanayoipata, ukipima walikotoka hadi walikofika, hailegei nyuma ya nafuu ya wembamba, na wakati mwingine huizidi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili tofauti ya maumivu kati ya makundi ya uzito ilikuwa ndogo mno. Kwa maneno mengine, uzito huongeza hatari ya njiani, lakini haumnyimi mtu safari. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu aliyeambiwa arudi nyumbani.

Nyanya alirudi nyumbani akiwa na azma. Kila mtu Kalokol akawa daktari. Jirani alimwambia aache samaki kwa kuwa wana mafuta. Mwingine akamwambia asile usiku. Wa tatu akamletea mizizi ya kuchemsha. Nyanya, ambaye njaa haimtishi kwa kuwa wanajuana tangu zamani, akaacha samaki kabisa, akaishi kwa chai ya strungi na kipande cha ugali. Nilimpinga kwa simu kila wiki. Alinijibu kwamba yeye amefunga kwa lazima miaka mingi, sasa acha afunge mara moja kwa hiari. Kisha Machi 2020 ikaleta ugonjwa wa korona, na upasuaji usio wa dharura ukasimamishwa hospitali nyingi. Muda wa kufunga ukarefuka.

Tulipofika tena Eldoret mapema 2021 mizani ilisema kilo 91. Muuguzi alimpigia makofi. Nyanya mwenyewe alikuwa ameketi kama gunia lililomwagwa nusu, miguu imevimba, ngozi imepauka. Vipimo vya damu vikaonyesha kuwa albumini, protini ambayo madaktari huitazama ili kujua kama mwili una akiba ya kujenga, iko chini ya gramu 3.5 kwa desilita. Mtu wa namna hiyo akipasuliwa, kidonda chake huweza kukataa kufunga, vilevile kama cha mtu aliyezidi uzito. Upasuaji ukaahirishwa tena. Safari hii agizo lilikuwa ale: samaki, maharagwe, mayai, maziwa.

Nyanya alimtazama daktari, si yule wa kwanza, kwa muda mrefu. "Mwaka ule mlisema nimeshiba mno," akasema. "Sasa mnasema nina njaa. Niambieni mimi ni mtu mmoja au ni wawili."

Nililitafsiri neno kwa neno, bila kulilainisha. Na jibu la kitabibu, nimekuja kulisoma baadaye, ni kwamba alikuwa wote wawili. Mtu huweza kuwa mnene na kuwa na utapiamlo kwa wakati mmoja. Hali hii si ngeni kwetu. Mfugaji wa zamani aliishi kwa maziwa, damu na nyama. Mji wa leo unaishi kwa unga wa mahindi, sukari na mafuta ya kupikia, vitu vinavyojaza mwili bila kuujenga. Kilo za nyanya zilitokana na mandazi na chai yenye vijiko vinne vya sukari kuliko samaki aliowauza. Alipofunga, mwili ulichukua kilicho karibu, ukala misuli. Misuli ya paja ndiyo inayolishika goti wakati wa kupona. Kwa hiyo zile kilo 12 alizozipoteza kwa fahari zilikuwa, kwa sehemu kubwa, kilo ambazo angezihitaji.

Alikula. Kila siku samaki mmoja wa kuchemsha, na sukari akaiacha, jambo lililomwuma kuliko goti. Novemba 2021 alipasuliwa akiwa na kilo 95, damu yake ikiwa imerudi sawa. Kutoka siku ile alipoambiwa apunguze mwili hadi siku alipolala kwenye meza ya upasuaji ilipita miezi 29.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi. Nilikuwa nje, na nje hakuna la kusimulia. Siku iliyofuata walimsimamisha. Nilidhani ni ukatili, kumbe ndivyo inavyotakiwa: mgonjwa akilala mno damu huganda miguuni, na misuli huyeyuka. Hata kwa anayefanya kila analoambiwa, misuli ya mbele ya paja hupoteza nusu ya nguvu zake au zaidi katika mwezi wa kwanza. Wiki sita alikaa kwa jamaa zetu Eldoret, akiburuta kisigino juu ya kitanda ili goti lipinde, akilinyoosha, akilipinda tena, huku machozi yakimtoka kimyakimya. Goti hupimwa kwa nyuzi. Kutembea kwenye njia tambarare kunahitaji kupinda nyuzi 70 hivi. Kuinuka kitini kunahitaji kama 100. Kuchuchumaa kunadai zaidi ya 120. Yeye alifika nyuzi 70 wiki ya pili na 95 wiki ya sita.

Akarudi Kalokol, na hapo kupona kukaanza upya. Vitabu vyote nilivyovisoma vinadhania sakafu, kiti, ngazi na choo cha kukalia. Kwetu kuna mchanga. Kile kiegemeo cha miguu minne alichopewa hospitalini kilizama kama mti uliopandwa. Binamu yangu alikata vipande vya tairi kuukuu, lile la kutengenezea akala, akavifungia chini ya kila mguu, na kiegemeo kikatembea juu ya mchanga kama ngamia. Fundi akatengeneza kiti chenye tundu kwa ajili ya choo. Wanawake wenzake husuka vikapu vya majani ya mkoma wakiwa wameketi chini, miguu imenyooshwa. Kuketi hivyo si tatizo. Tatizo ni kuinuka. Akaletewa kiti cha plastiki, akawa juu ya wenzake kama chifu, na kwa muda alilionea aibu hilo.

Kupasua samaki kwa kuchuchumaa kulikwisha. Mwaka mmoja baada ya upasuaji goti lake lilipinda nyuzi 110, na mtaalamu wa viungo aliyempima Lodwar akasema amefanya vyema sana. Goti la bandia mara nyingi huishia hapo au mbele kidogo. Uzito nao una mkono katika hili kwa njia rahisi kabisa ambayo hata mtoto angeiona: paja nene na nyuma ya muundi iliyojaa hugusana mapema, na nyama ikikutana na nyama goti haliwezi kwenda zaidi. Biashara ikahamia juu ya meza. Wanunuzi wanasema samaki wa mezani ni safi zaidi, na nyanya amepandisha bei.

Jamaa zetu walitarajia kwamba sasa, kwa kuwa anatembea, atapungua. Hili ndilo matumaini ya wengi duniani, na tafiti zinaonyesha kwamba wengi wao hawapungui, wengine huongezeka. Goti jipya huondoa maumivu, halibadilishi chungu cha jikoni. Nyanya alipopimwa tena mwishoni mwa 2022 alikuwa na kilo 101, yaani nyuma ya pale alipoanzia kwa kilo mbili tu. Lakini alitembea mwenyewe hadi ufuoni. Njia ilikuwa imefupika pia, nikiri, maana maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na kumeza sehemu ya ufuo. Kidonda kilifunga vizuri. Hakuna usaha, hakuna homa.

Yamkini msomaji atauliza: je, ilikuwa lazima angoje? Mwaka 2022 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza ilisema kwamba mgonjwa wa viungo asinyimwe rufaa ya upasuaji kwa sababu ya kipimo kile cha kilo na kimo. Mwaka 2023 vyama viwili vya Marekani, cha madaktari wa baridi yabisi na cha wapasuaji wa nyonga na goti, vilishauri vivyo hivyo: upasuaji usicheleweshwe ili tu mgonjwa ashuke chini ya namba fulani. Ashauriwe kupunguza, asaidiwe kupunguza, aelezwe hatari yake, kisha yeye na daktari waamue. Hoja yao mojawapo ni kwamba kungoja nako kuna gharama. Maumivu huendelea, misuli hudhoofu, na mtu asiyeweza kutembea huwa na nafasi ndogo sana ya kupungua. Nasisitiza kwamba miongozo hiyo haikuwapo 2019, na kikomo cha 40 kilikuwa jambo la kawaida wakati huo, hata katika nchi tajiri. Bado kuna wapasuaji wanaokishikilia, na sababu zao nimezieleza. Binafsi naona kwamba kikomo kinachotolewa bila mpango wa chakula, kwa mtu anayeishi kilomita 400 kutoka hospitalini, ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Nilipompelekea nyanya habari hizi, nikidhani zitamkasirisha, alinyamaza akipanga samaki. Kisha akasema kwamba hao wazungu wamejua jambo hilo baada ya miaka minne, na ng'ombe pia huchelewa kujifunza njia ya kisima.

Na sasa goti la kushoto limeanza. Lilibeba kazi ya mwenzake kwa miaka kumi, nalo limechakaa. Amenitaka nipige simu Eldoret niulize kama wangali na kikomo, na kama wanacho, ni kilo ngapi hasa, maana safari hii hataki kushangazwa. Ana kilo 99 na ameacha tena sukari. Samaki ameapa hataacha. Amekwisha kumpata binti wa dada yake wa kumshikia meza kwa miezi mitatu, na wamekubaliana watagawana faida nusu kwa nusu.